Buti, raba za kitambaa au soli nene: kipi kinaufaa mguu uliovuka arobaini?

Dada yangu mkubwa ana miaka 52. Mwezi uliopita aliniita kwake, nikakuta maboksi mawili wazi sakafuni. Ndani ya moja mlikuwa na buti nyeusi za Dr. Martens, zile za vitundu vinane zenye uzi wa njano unaozunguka soli. Ndani ya jingine, raba nyekundu za kitambaa za Converse, zinazopanda mpaka juu ya kifundo. "Mdogo wangu," akaniambia, "zote nimezitamani tangu usichana na zote sikuwahi kuwa nazo. Nimepewa siku kumi na nne za kurudisha. Nibaki na zipi?"

Nilifurahi kwamba hakuuliza kama umri wake unaruhusu. Wengi wa rika letu huanza na swali hilo, wakishalijibu ndio basi, wananunua chochote kilichowavutia macho. Wiki mbili baadaye viatu vimerudi kabatini na kisigino kina kidonda. Mguu wa miaka 50 una mahitaji ambayo ule wa miaka 20 haukuwa nayo, na viatu hivi vya vijana wa muziki, wa skeitibodi na wa mitindo ya pembeni vinatofautiana sana katika namna vinavyoubeba. Nimevaa aina zote nitakazozitaja, nyingine kwa zaidi ya miaka ishirini. Haya ndiyo niliyomwambia dada jioni ile, pamoja na machache yaliyonijia baadaye.

Kwanza, habari ya umri tuimalize

Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Ujerumani, Klaus Märtens, aliumia kifundo cha mguu akiteleza kwenye theluji milimani. Buti za jeshi zikawa zinamtesa, akajitengenezea zake zenye ngozi laini na soli iliyofungiwa hewa ndani. Mwaka 1947 yeye na rafiki yake Herbert Funck wakaanza kuziuza. Katika miaka kumi ya kwanza, asilimia 80 ya mauzo yao yalikwenda kwa wanawake waliovuka miaka 40. Kabla mpiga gitaa yeyote hajapanda nazo jukwaani, soli hizi zilikuwa za mama mtu mzima aliyechoka kuumwa miguu. Baadaye kampuni ya Griggs ya Wollaston, Uingereza, ilinunua haki ya kuzitengeneza, ikatoa buti ya Dr. Martens ya vitundu vinane tarehe 1 Aprili 1960. Ndiyo maana ikaitwa 1460: siku ya kwanza, mwezi wa nne, mwaka 60. Wavaaji wake wa mwanzo kule walikuwa wapeleka barua, polisi na watu wa viwandani. Akina Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who, kisha vijana wa muziki wa punk, walizikuta zipo.

Raba ya Converse All Star ni ya mwaka 1917, ikitengenezwa kwa ajili ya mpira wa kikapu. Kampuni ya Vans ilifungua milango tarehe 16 Machi 1966 huko Anaheim, California. Viatu hivi vinatuzidi umri sote. Na mtu aliyezaliwa 1975 alikuwa na miaka 16 wakati bendi za roki za Seattle, Marekani, zinatikisa dunia mwaka 1991, kwa hiyo akivaa buti leo anavaa kiatu cha maisha yake mwenyewe. Mwanasiasa wa Marekani Kamala Harris alikuwa na miaka 56 alipotokea kwenye jalada la jarida la Vogue la Februari 2021 amevaa raba za Converse. Sioni haja ya kuendelea na mjadala huu.

Mguu uliobadilika

Mguu mmoja una mifupa 26 na viungo 33, na vyote vinashikiliwa na kano ambazo hulegea kadiri miaka inavyokwenda. Upinde wa unyayo hushuka kidogo, mguu ukarefuka na kutanuka. Ndiyo sababu watu wengi hujikuta wameongeza nusu saizi au saizi nzima bila kunenepa. Ule mto wa mafuta chini ya kisigino na chini ya mzizi wa vidole nao hupungua na kupoteza mdundo wake. Ukitembea kwenye sakafu ngumu kwa raba nyembamba, ukahisi kama mfupa unagonga chini, ni kwamba kinga ya katikati imepungua.

Halafu kuna maumivu ya kisigino ya asubuhi, yale ya hatua tano za kwanza kutoka kitandani. Yanatokana na utando mgumu unaounganisha kisigino na vidole, na huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60. Wengine wana nundu pembeni ya kidole gumba, wengine kidole gumba chenyewe kimekaza hakikunjiki tena. Kila moja ya shida hizi inataka kiatu cha aina yake, na ndipo ulinganisho wenyewe unapoanzia.

Nilimwambia dada avue soksi asimame juu ya karatasi nyeupe. Ilikuwa saa moja jioni, wakati mzuri kwa kazi hiyo, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda na kiatu kinapaswa kuutosha ukiwa mkubwa. Nikazungusha penseli wima kuufuata mguu wote, uzito wake ukiwa juu yake. Kisha tukaweka viatu juu ya mchoro, kimoja kimoja. Buti ilifunika mstari wote isipokuwa pale kwenye nundu ya mguu wa kulia, ambapo penseli ilichungulia kidogo. Raba ilipowekwa, upande wote wa vidole vidogo ulibaki nje, upana wa karibu nusu kidole, na kwenye nundu zaidi ya hapo. Dada aliitazama ile karatasi kimya. Alikuwa ameshazijaribu dukani akaziona zinamtosha, na kweli kitambaa kilikuwa kimekubali kuingiza mguu. Kuingia ni jambo moja, kukaa humo saa nane ni jingine.

Fanya hivyo kabla ya kununua chochote. Ukinunua kwa intaneti, chora, pima urefu kwa sentimita, ongeza sentimita moja mbele ya kidole kirefu zaidi, na ukumbuke kwamba kirefu si lazima kiwe gumba. Miguu ikipishana, fuata mkubwa.

Buti za vitundu vinane dhidi ya raba ndefu za kitambaa

Hizi mbili ndizo watu huzilinganisha mara nyingi, kwa sababu zote zinafika juu ya kifundo na zote zinakwenda na jinzi na gauni. Kwa mguu ni mbingu na ardhi.

Anza na soli. Ya Dr. Martens ni nene, ina vyumba vya hewa, na kisigino chake kiko juu kidogo kuliko vidole. Ya All Star ni bapa kabisa: kisigino na vidole viko usawa mmoja, na kilicho kati ya unyayo na ardhi ni kidogo. Kwa kijana ubapa huo ni starehe. Kwa mtu aliyevaa visigino vya ofisini miaka ishirini, ule ukano mnene unaopanda nyuma ya kisigino umezoea kukaa umefupika, na kuushusha ghafla kunauvuta. Ndama zinauma, kisigino kinauma, na mtu anadhani ni uzee. Kama asubuhi unachechemea, raba bapa si pa kuanzia. Converse wanayo pia Chuck 70, yenye kitambaa kizito zaidi na pedi nene zaidi ndani. Tofauti naihisi mara ninapoingiza mguu, na kama moyo wako uko kwenye Converse basi nenda huko moja kwa moja. Hata hivyo umbo la mbele linabaki jembamba.

Ugumu wa soli unaleta jambo ambalo wengi hulichukulia kinyume. Tunadhani kiatu laini kinachokunjika ndicho kizuri kwa mguu unaouma. Kwa kidole gumba kilichokaza, kukunjika ndiko kunakoumiza, na soli ngumu ya buti hupunguza kazi ya kile kiungo kila unapopiga hatua. Namfahamu mtu wa miaka 58 aliyeacha raba zote kwa sababu hiyo akabaki na buti, na anatembea kuliko zamani. Kwa mwenye kidole kizima ugumu uleule ni uzito tu wa kuzoea.

Na uzito upo. Buti za ngozi ni nzito, huwezi kulificha. Siku ya kwanza utausikia kwenye nyonga na mbele ya mapaja, hasa kwenye ngazi. Raba ya kitambaa utasahau kama umeivaa. Mwenye magoti mabovu au anayesimama na kutembea kutwa nzima aupe uzito nafasi kubwa kwenye uamuzi wake.

Sasa kuzoeza. Raba za kitambaa ziko tayari siku ya kwanza, ama karibu na hapo. Buti za ngozi ngumu ya kung'aa, ile ya asili ya 1460, ni vita. Ngozi hiyo imepakwa tabaka gumu juu, na ukingo wake wa nyuma hukata kisigino kama kadibodi mbichi. Nikiwa na miaka 19 nilizizoeza kwa kuvumilia: nilivaa, nikatoka lengelenge, likapasuka, nikavaa tena. Nilipokuja kununua jozi mpya nikiwa na miaka 44, nilifanya vilevile na kidonda kilichukua karibu mwezi kufunga. Ngozi ya mwili nayo inakuwa nyembamba. Siku hizi nafanya hivi: soksi mbili nene, nusu saa ndani ya nyumba jioni ya kwanza, kesho yake dakika arobaini, na naongeza hivyohivyo kwa wiki mbili. Kabla ya kuvaa napaka mafuta ya ngozi ndani na nje ya ukingo wa nyuma, kisha naukunja kwa vidole gumba mara thelathini au arobaini mpaka nisikie unalegea. Usitumie maji ya moto wala kikaushio cha nywele. Ngozi itapasuka mapema. Njia fupi zaidi ni kununua buti hizohizo zenye ngozi laini, kama ile ya nappa, ambazo zinakaribia kuwa tayari tangu mwanzo. Zitapata makunyanzi mapema na hazitang'aa kama kioo, lakini kwa mtu wa umri wetu mimi huzipendekeza hizo kwanza.

Hapa naomba niseme kwa mkazo. Kama una kisukari, au miguu yako ina ganzi kwa sababu yoyote, usinunue kiatu kinachohitaji kuzoezwa. Lengelenge usilolihisi linaweza kuwa kidonda kikubwa kabla hujaliona. Chagua kitu laini na kipana tangu siku ya kwanza, kagua miguu yako kila usiku, na zungumza na daktari anayeifahamu miguu yako.

Suala la saizi linawachanganya watu pia. Mitindo mingi ya Dr. Martens hutengenezwa kwa saizi kamili za Kiingereza bila nusu. Saizi moja ya Kiingereza ni theluthi ya inchi, yaani kama milimita 8.5, wakati saizi moja ya Ulaya bara ni theluthi mbili za sentimita, kama milimita 6.7. Kwa hiyo ukiwa katikati ya saizi mbili, pengo unalovuka ni kubwa. Ushauri wa kawaida ni kushuka, kwa sababu ngozi hutanuka. Kwa mguu wa makamo mimi napanda, naziba pengo kwa soli ya ndani ya ziada. Ngozi hutanuka kwa upana. Kwa urefu haiongezeki, na kidole kinachogusa mbele kitaendelea kugusa mpaka kucha iwe nyeusi.

Kwenye nundu, buti inashinda kwa njia ambayo dada hakuitarajia. Ngozi ngumu inaonekana adui mkubwa kuliko kitambaa laini. Ila ngozi fundi viatu anaweza kuivuta mahali hasa panapobana, kwa kifaa chake chenye kichwa cha mviringo, na itabaki hivyo. Kitambaa cha All Star kimeshikwa chini na ukanda wa mpira na mbele na kofia ya mpira, na mpira huo hauvutiki. Hakuna fundi atakayekusaidia.

Kuna historia moja ya kifamilia ninayoipenda kati ya viatu hivi viwili. Charles Goodyear ndiye aliyegundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa na salfa unakuwa imara bila kuyeyuka kwenye joto, na raba za kitambaa zimesimama juu ya ugunduzi huo: soli na kitambaa hushikanishwa kwa kupikwa pamoja. Mwanawe, aliyeitwa pia Charles Goodyear, ndiye aliyemiliki hataza ya mwaka 1871 ya mashine ya kushona ukanda unaounganisha ngozi na soli, na uzi wa njano wa Dr. Martens unapita kwenye ukanda wa aina hiyo. Baba yuko kwenye raba, mwana yuko kwenye buti. Kwa mvaaji maana yake ni hii: raba ikikatika pale kitambaa kinapokutana na mpira, kwenye mkunjo wa vidole, imekwisha. Buti ukiitunza utakaa nayo miaka, ingawa usidanganyike na ule mshono ukadhani kila fundi ataweza kubadilisha soli. Ya Dr. Martens imeunganishwa kwa joto pia, na mafundi wengi hukataa kuigusa. Uliza kwanza.

Mwisho wa hizi mbili ni kamba. Vitundu vinane kila upande, asubuhi na jioni, kwa mgongo unaolalamika, si jambo dogo. Kuna buti zenye zipu pembeni, na kuna zile za lastiki za namba 2976 ambazo unaziingiza tu. Za lastiki mguu hucheza ndani kama ni mwembamba. Zipu naona ni bora, maana unafunga kamba vizuri mara moja, ukazisahau.

Vans, au anayetaka chini ya kifundo

Si kila mtu anataka kiatu kirefu, na kwa joto kali wala silaumu chaguo hilo. Hapa wapinzani ni Vans, All Star fupi, na kiatu cha Dr. Martens cha vitundu vitatu, namba 1461.

Siku Vans walipofungua, walikuja wateja 12, viatu vyao vikatengenezwa palepale wakavichukua baadaye siku hiyohiyo. Soli ile yenye miraba kama ya mkate wa waffle ilishika vizuri, na wachezaji wa skeitibodi wakaipenda kwa sababu hiyo. Kwenye sakafu kavu nakubaliana nao. Kati ya mitindo yao, Old Skool ya mwaka 1977 ndiyo ninayoipeleka mbele kwa watu wa makamo. Ina ngozi pale vidole vinapokunjia, shingo yake ina pedi, na mbele kuna nafasi zaidi kidogo kuliko All Star. Bado ni bapa, kwa hiyo yale niliyosema kuhusu kisigino yanabaki palepale.

Ile ya kuingiza tu, ya miraba myeusi na myeupe, naipenda kwa macho na siipendekezi kwa kutembea umbali. Kiatu kisicho na kamba hushikwa na vidole: bila kujua, unavikunja kila hatua ili kisichomoke. Vua jioni uangalie ncha za vidole vyako kama zimeanza kuwa na sugu. Ivae kwenye gari, kwenye kochi, kwenye safari fupi.

Na 1461? Ukiniambia nichague kiatu kimoja tu cha mtindo huu kwa mtu wa miaka 50 anayeenda kazini, ni hicho. Kina soli ileile yenye hewa, uzito kidogo kuliko buti, ukingo mdogo wa kukata kisigino, vitundu vitatu vya kufunga. Kinakubalika kwenye ofisi ambayo buti ingezua maneno. Kinakosa tu ule utukufu wa buti ndefu, na kwa wengine utukufu huo ndio sababu nzima ya kununua. Nawaelewa.

Soli nene

Baada ya vita vya pili vya dunia, wanajeshi wa Uingereza walirudi kutoka jangwani na mapenzi ya viatu vya soli ya krepu, yaani mpira mnene wenye mikunjo. Mwaka 1949 kampuni ya George Cox huko Northamptonshire ikatoa viatu vya soli nene za namna hiyo, vijana walioitwa Teddy Boys wakavichukua, na mwaka 1971 wanamitindo Malcolm McLaren na Vivienne Westwood walikuwa wakiviuza kwenye duka lao namba 430 King's Road, London. Leo kuna za kila aina: raba zilizoinuliwa, buti za Dr. Martens za soli nene ziitwazo Jadon, viatu vya sentimita kumi vya wapenzi wa mtindo mweusi wa goth.

Ninachopima mimi ni tofauti kati ya kisigino na vidole. Soli ya sentimita nne sawasawa mbele na nyuma inaulaza mguu vizuri kuliko kisigino cha sentimita nne peke yake, na mara nyingi inatembeka. Hatari iko pembeni: ukiwa juu, kifundo kikigeuka kinageuka kwa nguvu zaidi, na hujui ardhi iko wapi hasa. Simama kwa mguu mmoja, pekupeku, hesabu mpaka kumi. Ukiyumba kabla ya kufika, achana na soli nene. Na hata usipoyumba, usizivae kushuka ngazi na mzigo mikononi.

Na makubadhi ya kizibo

Wengine watashangaa nikiweka humu Birkenstock, makubadhi yenye soli ya kizibo, ile mbao laini ya kuzibia chupa. Jina hilo ni la tangu 1774, kwa hiyo ni kongwe kuliko yote niliyoyataja. Lakini Margot Fraser, mshonaji nguo mzaliwa wa Ujerumani, alipoyapeleka Marekani mwaka 1966 maduka ya viatu yaliyakataa, akayauza kwenye maduka ya vyakula vya afya, na waliokuja kuyapokea ni vijana wa nywele ndefu waliokataa mitindo ya wazazi wao. Kwa maana hiyo yana haki ya kukaa safu moja na buti. Arizona, yenye mikanda miwili, ni ya 1973. Kina cha kisigino kinaukusanya ule mto wa mafuta uliopungua, na mbele vidole vinalala vilivyo. Kizibo hufuata umbo la unyayo wako baada ya wiki kadhaa. Wenye kisigino cha asubuhi wengi husema yamewasaidia, na mimi ni mmoja wao. Upinde wake uko juu, ukiwa na unyayo bapa utahisi jiwe pale katikati. Vaa kidogo kidogo, na kama baada ya wiki tatu jiwe lipo, hayakufai.

Ukishachagua, uvae na nini?

Hapa sitakaa sana. Kiatu chenye sauti kubwa kinataka nguo tulivu: suruali ya kawaida iliyokatwa ikaishia juu kidogo ya kifundo, gauni refu la rangi moja, shati safi. Ukivaa buti, na jaketi lenye misumari, na jinzi iliyochanika, kwa pamoja, watu wataona vazi la maonyesho badala ya kukuona wewe. Usafi una uzito zaidi kuliko zamani. Kijana mwenye raba chafu anaonekana ametoka kwenye tamasha. Mtu mzima mwenye raba chafu anaonekana hajali. Badilisha kamba zikichakaa, futa mpira mweupe, paka buti dawa kila baada ya wiki mbili.

Kwa hiyo yupi achukue kipi

Mwenye kidole gumba kilichokaza achukue buti au 1461. Mwenye nundu, ngozi laini na fundi mzuri. Mwenye kisigino cha asubuhi aanze na makubadhi ya kizibo nyumbani na soli ya Dr. Martens nje, na raba bapa azisubirishe mpaka kisigino kipoe. Mwenye miguu mizima na magoti yanayochoka, Old Skool au Chuck 70, zilizochaguliwa kwa mchoro wa karatasi. Mwenye kisukari, kipana na laini, na mtindo utafutwe kwenye rangi na kamba.

Raba nyekundu dada alizirudisha kesho yake. Zilimuuma kuziachia, nikaona. Buti nazo alizibadilisha, akachukua za ngozi laini, saizi moja juu, akaongeza soli ya ndani. Ya kulia tulimpelekea fundi, akaipokea, akapapasa mguu wa dada kwa dole gumba, akatia alama ya chaki kwenye ngozi. "Mama, niachie siku mbili," akasema.

Sasa ni wiki ya tatu. Anafunga kamba mpaka kitundu cha sita, viwili vya juu anaviacha kwa sababu kifundo kinamvimba jioni. Ukipitisha kidole upande wa ndani wa buti ya kulia, unasikia mahali ngozi ilipovutwa nje kidogo, umbo la nundu yake lenyewe.